Shukrani kwa Aliyenifundisha Kuisoma Bodi ya IBM 5150

Nimeona jambo hili lisipite bila mashahidi. Kwa miezi minne nilikuwa nikiandika historia ya vifaa vya IBM 5150, kompyuta ya ofisini iliyotangazwa Agosti 1981, na mashine iliyokuwa mbele yangu niliihesabu kuwa ya mwaka huohuo, kwa uzembe wangu wa kuamini namba ya modeli peke yake.

Fundi mmoja mstaafu, aliyeomba nisimtaje jina, alisoma rasimu yangu na badala ya kunicheka akaniomba nifungue kifuniko. Alinielekeza kwanza nitafute maandishi 64KB-256KB (kiasi cha kumbukumbu) kwenye bodi kuu, kwa kuwa bodi za mwanzo ziliandikwa 16KB-64KB. Kisha nizimulike chipu kwa tochi kutoka ubavuni hadi tarakimu nne zilizofifia zionekane. Moja ilisomeka 8312, yaani juma la 12 la mwaka 1983. Hakuridhika, maana chipu hubadilishwa (na mafundi, alikiri mwenyewe, hawaandiki popote). Akanipa amri ya kuchapa ndani ya DEBUG, programu ya kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta: D F000:FFF5, na kwenye skrini ikatokea tarehe 10/27/82, yaani Oktoba 27, 1982: toleo la BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) lililoanza kuzitambua kadi za diski ngumu, jambo ambalo matoleo mawili ya 1981 hayakuliweza.

Baadaye aliisoma upya sura nzima, akaweka alama kila nilipodai nisichokuwa na ushahidi nacho. Ninamshukuru kwa dhati, na wenye mashine kama hizi nawaomba wapige picha bodi zao kabla ya kubadilisha chochote.