Shukrani kwa dada wa pale Miyomboni

Dada uliyesimama kwenye meza yangu ya vikapu pale Miyomboni, Iringa, uliondoka na gari kabla sijakuuliza jina. Asante sana, dada yangu, kwa kunionyesha jinsi ya kupiga picha za vikapu kwa simu.

Ulivitoa vikapu chini ya taa ukaviweka kibarazani, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Taa, ulisema, inaipa milulu, yale majani ya kusukia vikapu, umanjano usio wake, na jua kali la mchana linaficha ususi. Ukafuta kioo cha kamera ya simu kwa ncha ya khanga, ukazima flashi. Kisha karatasi za manila nyeupe: moja nyuma, nyingine ubavuni upande wenye giza, irudishe mwanga. Hapo ndipo niliposhangaa! Kila mstari wa rangi ukaonekana, hata ile zambarau ambayo wateja wa Dar es Salaam walikuwa wakiniuliza kama ni nyeusi. Ukanisisitiza pia nipige picha mkono ukiwa umeshika mpini, mteja ajue ukubwa.

Mama zetu wanaosuka wanastahili kazi yao ionekane vile ilivyo. Sasa wateja wananiandikia wakiwa wameshachagua rangi. Ukisoma hapa, kuna kapu lako nimeliweka pembeni. Niambie nilitume stendi gani.