Barua kwa kipa wangu kabla ya mechi ya kwanza

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata kupitia simu ya matroni wenu. Marahaba. Huku nyumbani hatujambo. Goti la bibi yako limetulia, mdogo wako anatamba mtaa mzima kwamba dada yake ni kipa wa mkoa, na mwenye msiba ni mjomba wako peke yake. Tangu aione droo ya kupanga makundi anasema mmetupwa kundi la kifo, na anawaombea mrudi salama kana kwamba mmepelekwa vitani. Usimsikilize. Yule hata timu yake ikiongoza kwa mabao mawili dakika ya 80, huwa ameshaanza kutafuta wa kumlaumu.

Ila na wewe umeandika "mama, tumekwisha", na hilo ndilo lililonikalisha kitako. Kwa kuwa simu zenu zinashikiliwa na matroni hadi mashindano yaishe, nakuandikia kwa kalamu. Mwalimu wenu msaidizi anapanda basi la kesho na amekubali kubeba.

Nimechukua daftari la kikoba, ukurasa wa nyuma ambao hauna deni la mtu, nikachora kundi lenu. Wenyeji. Wale wa kituo cha vipaji, ambao wanalala, wanakula na kufanya mazoezi pamoja mwaka mzima. Majirani zetu, mliotoka nao sare kwenye mechi ya kirafiki. Halafu nyinyi, mliokusanywa kutoka shule tofauti tofauti na ambao bado mnaitana kwa namba za jezi. Sikatai, kundi ni gumu. Kama ningelazimishwa kuweka hela yangu (na unanijua, siweki), ningesema kituo cha vipaji watamaliza wa kwanza. Lakini wanapita wawili, mwanangu. Hao wa kituo waache waende zao. Nyinyi mnatakiwa kumaliza juu ya wenyeji na majirani, basi.

Sasa sikiliza hesabu, maana wengi wanaobishana habari za makundi hawajawahi kukaa chini wakazipiga. Timu nne zinacheza mechi sita. Mechi yenye mshindi inatoa pointi 3, ya sare inatoa 2 tu za kugawana, kwa hiyo kundi zima haliwezi kuzidi pointi 18. Timu tatu zikitaka kufikisha 7 kila moja zinahitaji 21, ambazo hazipo. Ndiyo maana mwenye pointi 7 amepita, inyeshe isinyeshe. Sita je? Hapo watu hujidanganya. Timu tatu zikimfunga wote yule mnyonge, kisha zenyewe zikafungana kwa mzunguko, zote tatu zina 6 na mmoja anarudi kwao analia. Kwa upande mwingine, kuna anayepita na pointi 2: mbabe mmoja akiwafunga wote, waliobaki wakatoka sare wao kwa wao, wote watatu wana mbili mbili na mmoja wao lazima apite. Nilipomwonyesha mjomba wako hilo alinyamaza muda mrefu, jambo la nadra. Enzi zake ushindi ulikuwa pointi 2. Kombe la Dunia lenyewe lilianza kutoa 3 mwaka 1994, na nadhani kichwa chake hakijahama.

Mimi nawaombea pointi 4. Ushindi mmoja, sare moja, na mechi moja ya kupoteza. Nakutajia kabisa ile ya kupoteza, kwa sababu kuna dada zako walipita hivyo hivyo, na ningependa uijue hesabu yao kuliko unavyozijua nyimbo za kwenye basi.

Oktoba 2022, India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Serengeti Girls ndiyo ilikuwa timu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali za Kombe la Dunia la mpira wa miguu. Walikwenda baada ya kuitoa Kameruni: walishinda 4-1 kule kwao Yaoundé, wakamalizia 1-0 Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Droo ikawapa Japani, Ufaransa na Kanada. Japani walishalibeba kombe hilo mwaka 2014, Ufaransa mwaka 2012. Unaona? Kundi lenu wewe lina kituo cha vipaji kimoja tu.

Mechi ya kwanza Japani wakawafunga 4-0. Mtaani kwetu watu walizima televisheni na kusema yale yale anayosema mjomba wako sasa hivi. Siku tatu baadaye vijana wa kocha Bakari Shime wakaifunga Ufaransa 2-1, Diana Mnally akifunga moja na Christer Bahera akimalizia kwa penalti. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kafa. Mechi ya tatu wakatoka sare 1-1 na Kanada, bao letu la Veronica Mapunda. Pointi 4. Japani walimaliza na 9, Kanada na 2, Ufaransa na 1. Tukaingia robo fainali na mabao 3 ya kufunga na 6 ya kufungwa. Huko Kolombia wakatutoa 3-0, na hao Kolombia walifika hadi fainali.

Hiyo ndiyo hadithi wanayoisimulia wote. Ninayotaka wewe kama kipa uisome polepole ni ile iliyojificha ndani yake. Asubuhi ya mechi ya mwisho Japani walikuwa na 6, sisi 3, Ufaransa 1, Kanada 1. Watu walisema sare inatutosha. Haikuwa inatutosha peke yake! Kama Ufaransa wangeifunga Japani, hata kwa bao moja, wangefikisha 4 kama sisi, na tofauti yao ya mabao ingekuwa angalau sifuri wakati yetu ilikuwa kasoro tatu. Tungetoka, pamoja na kwamba tuliwafunga wenyewe uso kwa uso, kwa kuwa kwenye kombe lile tofauti ya mabao ilitangulia. Yale manne ya Japani yalikuwa bado yanatudai. Kilichotuokoa ni Japani hao hao, waliowafunga Ufaransa 2-0 kwenye uwanja mwingine.

Sasa igeuze. Tuseme ile mechi ya kwanza tungefungwa moja badala ya manne, kisha Ufaransa wakaifunga Japani 1-0. Pointi sawa, tofauti ya mabao sawa, mabao ya kufunga sawa, matatu kwa matatu. Hapo ndipo wangeangalia mechi tuliyocheza sisi na wao, tukapita. Mabao matatu ya siku iliyokwishaharibika, ambayo kila mtu uwanjani angeona hayana maana tena, ndiyo yangeamua nani anakwenda robo fainali.

Kwa hiyo mkikutana na kituo cha vipaji na ukafungwa la pili, la tatu, nami naona kwa mbali mabeki wako wameanza kutembea mikono kiunoni, wewe ndiye wa kuwapigia kelele. La nne likatalie kama unavyolikatalia la kwanza mechi ikiwa bado 0-0. Kocha akikuambia usitoke golini bila sababu, tii. Mshambuliaji wao akibaki peke yake na wewe dakika ya 85 mkiwa nyuma 3-0, mtokee umzibie goli vile vile. Najua ukifungwa mengi wewe huinamisha kichwa na kukaa chini kwenye nguzo. Nimekuona kwenye mechi za shule. Mimi nilicheza netiboli, tena mlinzi, na netiboli unafungwa kila baada ya muda mfupi, huna nafasi ya kuomboleza, mpira umesharudi katikati. Ukiinama, kichwa chako chote kinabaki kwenye bao lililopita.

Kuna jambo la kanuni ambalo nataka umuulize kocha, na usione haya. Mkilingana pointi wanaanza kuangalia nini? AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, huanza na matokeo ya timu zilizolingana zilipokutana zenyewe. Kwingine tofauti ya mabao ndiyo kwanza, kama kule India. Haya ni mashindano mawili tofauti, mwanangu. Kanuni ikiwa ile ya AFCON, basi mechi yenu na majirani inageuka kuwa fainali yenu ndogo, na hata sare yenye mabao inaweza kuwa na uzito wake. Ikiwa ni tofauti ya mabao, kila bao la kila mechi lina thamani moja, na mkiongoza 2-0 dhidi ya mnyonge hamruhusiwi kuanza kupiga chenga za kuwafurahisha wavulana jukwaani. Wachezaji wengi huingia hawajui, kisha wanaijua wakiwa kwenye basi la kurudi.

Na kadi. Senegali, Kombe la Dunia 2018 kule Urusi, walilingana na Japani kwa kila kitu: pointi 4, mabao manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na walipokutana walitoka 2-2. Wakahesabiwa kadi za njano. Japani walikuwa na 4, Senegali 6. Senegali wakarudi nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza Kombe la Dunia kuamuliwa hivyo, na iliniuma, maana walikuwa ndio Waafrika wa mwisho waliobaki. Makipa hupata kadi za kijinga kuliko wachezaji wote: kuchelewesha goli kiki, kumjibu refa, kukimbilia ugomvi wa katikati ya uwanja usiokuhusu. Halafu sheria mpya, tangu msimu wa 2025 kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane anawapa wapinzani kona. Sijui kama refa wenu wa mkoani ataihesabu, lakini usimpe nafasi.

Ratiba yenu inanipendeza nusu. Kituo cha vipaji kwanza, ni vizuri, mnakutana nao miguu ikiwa mipya na mkifungwa mna muda wa kurekebisha. Kisha wenyeji. Majirani mwisho. Ninachokiona kibaya ni kwamba kiwanja ni kimoja na mechi za mwisho zinafuatana, nyinyi mkianza. Kwenye mashindano makubwa mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja, na sababu yake ni Waafrika wenzetu. Mwaka 1982 kule Hispania, Algeria waliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, wakamaliza mechi zao, kisha kesho yake Ujerumani na Austria wakacheza huku wakijua kwamba 1-0 ya Ujerumani inawapitisha wote wawili. Bao likaingia mapema, zilizobaki wakapasiana pasi za kupitisha muda. Algeria wakatoka. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986 mechi hizo zikawa pamoja. Nyinyi mtakuwa kwenye nafasi ya Algeria, mtamaliza kisha mkae mkaangalia wengine wakichagua. Kinga yake ni moja tu, kuingia mechi ya majirani na kuondoka na ushindi, msiache sare ikategemea ukarimu wa watu.

Wenzetu wa Kenya walipofika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2024, Jamhuri ya Dominika, Junior Starlets wa kocha Mildred Cheche walifungwa na England 2-0, kisha na Korea Kaskazini 3-0, hao Korea ndio waliokuja kuwa mabingwa. Mechi ya mwisho wakaifunga Meksiko 2-1. Pointi 3 hazikutosha. Siku hizi wangekuwa na hesabu nyingine, maana tangu 2025 kombe hilo lina timu 24 na wale wa nafasi ya tatu wanne bora nao wanapita. Kwenu hakuna cha nafasi ya tatu, nimeuliza.

Ukiniuliza matokeo, mimi nimeandika hivi: kituo cha vipaji mnafungwa 2-0. Wenyeji sare 1-1, kwa sababu wenyeji huogopa uwanja wao wenyewe kuliko wageni. Majirani mnawafunga 1-0, bao la kona. Mjomba wako ameandika mnapoteza zote kwenye karatasi yake, na tumewekeana soda.

Kwenye mfuko kuna glavu mpya. Zilowanishe kidogo kabla ya mechi, fundi wa duka la michezo amesema zikikauka sana zinateleza. Kuna pedi, mafuta ya kujichulia, na ubuyu ambao ni wa timu nzima, si wako na yule rafiki yako wa namba 6. Barafu usiisahau kwa lile bega. Na ukikosa usingizi usiku wa kuamkia mechi, usijilazimishe, lala tu umefumba macho.

Mwombe matroni anitumie saa ya mechi ya kwanza. Baba yako atakuwa njiani na lori, anaelekea Tunduma, na ameagiza nimpigie kila bao likiingia, la upande wowote. Nimemwambia akisikia simu mara ya nne asiipokee.

Nakupenda,
Mama yako