Mchoro wa Alhamisi: Roger na Angelica
Ndugu wanakikundi, Alhamisi tutajadili "Roger na Angelica", mchoro ambao Odilon Redon wa Ufaransa aliuchora kwa pasteli (rangi za vijiti kama chaki) mnamo 1910 hivi, na ambao sasa umehifadhiwa katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Kisa chake kinatoka katika utenzi wa Kiitalia wa karne ya 16: binti Angelica amefungwa mwambani ili aliwe na dubwana la baharini, naye shujaa Roger anamjia juu ya mnyama mwenye mabawa. Mchoraji Mfaransa Ingres alikichora kisa hicho mwaka 1819, na kwake mkuki na dubwana vinaonekana wazi. Kwa Redon, mwokozi nusura amezwe na mawingu, na Angelica ni umbo dogo tu lenye weupe. Tafadhali ukuzeni mchoro kwenye simu kabla ya kulalamika kwamba hamumwoni mnyama, kwani hata mimi nilimtafuta.