Barua kwa Mwenzangu wa Bweni

Nairobi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Wiki mbili zilizopita uliponiuliza kwa simu ni lini nilianza kuacha kujionea aibu, nilikujibu kwa haraka kwamba mambo hayo huja polepole, kisha nikabadilisha mazungumzo. Jibu lile halikuwa la kweli. Siku yenyewe naijua, na nilikuficha kwa sababu wewe pia umo ndani ya habari hii.

Bila shaka hujamsahau yule mwenzetu wa kidato cha tatu aliyetolewa bwenini usiku, sanduku lake likatupwa uwanjani, kwa sababu ya barua iliyokutwa chini ya godoro lake. Tulijipanga barazani tukamwita shoga, neno ambalo bibi zetu waliitana kwa upendo walipoombana chumvi, nasi tukaligeuza jiwe la kumpigia mtu. Wewe ulinyamaza, nakumbuka vizuri. Mimi nilicheka, tena kicheko changu kilishinda cha wote, kwa kuwa barua ile ningeweza kuiandika mimi, na niliamini kwamba asiyecheka ndiye atakayefuata. Hukucheka, wala hakuna aliyekugusa.

Tangu usiku ule nikawa mlinzi wa mwili wangu mwenyewe. Nilipima mwendo wangu, namna ninavyoshika kikombe, hata sauti ya kuitikia salamu. Nilisali niamke nikiwa mtu mwingine. Nilijiita mgonjwa, nisijue kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa tangu tarehe 17 Mei 1990, sisi tukiwa bado darasa la pili. Fikiria, ndugu yangu: miaka yote ile niliyoomba kuponywa, madaktari wenyewe hawakuwa na ugonjwa wa kuniponya.

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alipojitangaza hadharani Januari 2014 kwamba naye anapenda wanaume, niliyasoma maneno yake usiku, mlango nimeufunga, kisha nikayafuta kwenye simu kana kwamba mtu angeyanusa. Alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye nilikuwa katika mkahawa mmoja hapa mjini redio ilipotangaza kwamba Mahakama Kuu imekataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono kati ya wanaume, vilivyoachwa na utawala wa Waingereza, ambavyo adhabu yake hufika miaka 14 gerezani. Wanaume wa meza ya jirani walipiga makofi, wakacheka. Nami, Mungu wangu, nilihisi midomo yangu ikianza kucheka pamoja nao, kicheko kile kile cha barazani. Nikakizuia.

Niliketi pale mpaka chai ikapoa. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimebeba aibu mbili nikiziita kwa jina moja. Ile ya kupenda wanaume nilibebeshwa na watu nikiwa mtoto, wala sijamdhulumu yeyote kwa kuwa hivi nilivyo. Ile ya kumcheka mwenzangu aliyekuwa akilia ni yangu halali, na nilikuwa nimeifunika kwa ile ya kwanza kwa miaka 20.

Sikuamka kesho yake nimepona. Ilinichukua miezi mingi, pamoja na mshauri nasaha mwenye subira ambaye nitamshukuru maisha yangu yote. Lakini tangu nilipokubali kuibeba hii iliyo yangu, ile nyingine ilianza kunitoka mabegani. Nilimweleza dada yangu mkubwa jikoni kwake, naye aliendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu, kisha akasema, “Sasa nimejua kwa nini hukuwa ukicheka hapa nyumbani.” Mama bado ananiuliza habari za mke, na sijapata ujasiri wa kumweleza, ila nimeacha kumtungia yule mchumba wa Nakuru ambaye hakuwahi kuwapo. Naweza kukaa peke yangu jioni, bila redio wala simu, nisitamani kumkimbia mtu niliye naye chumbani. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko ninavyoweza kukueleza kwa maandishi.

Sasa nina ombi. Nyumba ya kina yule mwenzetu aliyefukuzwa bwenini ilipakana na ya mjomba wako, kama sijasahau. Tafadhali muulize kwa utaratibu, bila kufukua lolote la zamani, kama anajua yule mwenzetu anaishi wapi siku hizi. Sitaki kumtokea ghafla. Huenda hataki kulisikia jina langu tena, na hiyo ni haki yake. Ukimpata, muulize kwanza kama atakubali kupokea barua kutoka kwangu. Nimekwisha kuiandika.

Wako daima,
Mwenzako wa kitanda cha juu