Tusikate springi za magari

Mhariri,

Vijana wengi wenye Subaru Impreza hapa Nairobi hukata springi ili gari likae chini. Nawasihi waache. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, nayo shokabsoba hubaki na nafasi ndogo ya kushuka. Kila tuta huigonga hadi mwisho, sili inayozuia mafuta yake ikapasuka, nayo yakachuruzika.

Mkitaka gari lishuke, anzeni kwa kubadilisha bushi, yaani raba za maungio, za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu. Kisha nunueni springi na shokabsoba zilizoundwa pamoja, za kushusha gari milimita 20 hadi 25, si 50. Na mafundi wetu, tafadhali: boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hujisokota, ukararuka mapema. Alaimenti, yaani kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, ifuate siku hiyo hiyo.

Fundi wa magari,
Nairobi