Barua kwa mwanangu: ukungu wa asubuhi na ukungu wa zabibu

Mwanangu, marahaba. Salamu zako dada yako kanisomea jana usiku, nimefurahi kusikia mizabibu mmeshamaliza kuipogoa na mgongo wa mama yako umepata nafuu. Mimi huku Bordeaux, Ufaransa, ni mzima, asubuhi baridi inauma ila shemeji yako kanipa koti lake, linanipwaya lakini joto lipo. Nilitaka nikupigie alafu nikaona hapana, hili jambo kwa simu litakatika katikati, bora niandike utulie usome.

Jumamosi walinipeleka Sauternes, huko wanakotengeneza waini tamu. Ni kama kilomita 40 hivi kusini mwa mji, tukapanda treni mpaka Langon alafu taksi. Dada yako alinambia baba twende ukaone watu wanaolima zabibu kama sisi, nikajua ni kunitembeza tu nisikae ndani, kumbe ameniletea shule. Shamba lenyewe ni la familia, si kubwa, lipo kijiji kinaitwa Bommes, ukisimama pale getini unaona kilima cha Château d'Yquem, ndo shamba lenye jina kuliko yote ya waini tamu huku, mwaka 1855 walipopanga madaraja ya waini za Bordeaux lile waliliweka daraja lake peke yake juu ya wenzake wote wa Sauternes. Mimi kile kilima nilikuja kukiona saa sita. Tulivyofika saa tatu nilikuwa naona mistari miwili ya mizabibu mbele yangu basi, mbele ya hapo nyeupe tupu.

Ule ukungu ndo mali yao, baba. Kuna kamto kadogo kanaitwa Ciron, kanapita chini ya miti muda wote kwa hiyo maji yake ni ya baridi, sasa kanaingia kwenye mto mkubwa Garonne ambao maji yake yana uvuguvugu, wakati huu wa mwezi wa tisa na wa kumi wakikutana tu usiku ukungu unapanda unatambaa mashambani. Mchana jua linatoka linaukausha. Kila siku hivyo hivyo, kulowa na kukauka, na hapo kwenye zabibu unaota ukungu wa aina nyingine, huu wa kuvu, jina lake la kitaalamu Botrytis cinerea. Sisi kwa Kiswahili chetu neno ni moja, ukungu wa hewani na ukungu wa kwenye mkate, nikamwambia dada yako mtafsirie huyu binti aliyekuwa anatutembeza, yule binti akacheka kwa furaha akasema basi lugha yenu imejua kazi yetu kabla yetu.

Yaani wanaacha zabibu zioze, kwa makusudi kabisa. Kile kikuvu kinatoboa ganda vitundu vidogo usivyoviona, maji yanapotea taratibu, sukari inabaki imejikusanya humo ndani. Zabibu yao kubwa ni Sémillon, ganda lake jembamba ndo maana kuvu linaiingia vizuri, wanachanganya na Sauvignon Blanc kwa ajili ya ule uchachu. Binti akanivutia kichala kimoja nikiangalie kwa karibu. Mwanangu, kichala kimoja hicho hicho, huku punje za dhahabu zimejaa vizuri, hapa katikati zimegeuka zambarau kama zimepigwa, na upande wa chini zimekunjamana kahawia zina vumbi la kijivu juu, ukiziona sokoni Majengo ungemuuliza muuzaji kama hana aibu. Akachagua moja ya yale makunyanzi akanipa nile. Nilisita. Nikaiweka mdomoni, ikapasuka kama jam, utamu wa asali ya nyuki wadogo, ile ya kwenye mzinga wa babu yako, na nyuma yake kauchachu kanakuja kanasafisha ulimi, kama ubuyu hivi. Nilisimama pale sijui niseme nini.

Sasa sikiliza uvunaji. Sisi tunaingia shambani na makreti, siku mbili tatu tumemaliza. Hawa wanapita mstari ule ule mara nne, tano, sita, kuanzia Septemba mpaka Novemba, kila safari mtu na kamkasi kadogo anakata punje zilizofikia tu, zilizobaki anaziacha zimsubiri. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, kavaa mabuti, anakata anainusa, anakata anainusa, nikauliza ananusa nini, akasema siki. Maana kuna kuoza kuzuri na kuoza kubaya, ikitoa harufu ya siki inatupwa chini hapo hapo. Na hapa nisikilize vizuri, usije ukaziacha zabibu zetu zioze Hombolo ukadhani utapata waini hii. Kwetu hatuna huo ukungu wa asubuhi, kwetu zikioza ni mvua na nzi, ni hiyo siki anayoitupa yule mama.

Ndo maana ni ghali. Sheria inawakataza kuzidisha lita 2500 kwa hekta moja na wengi hata hapo hawafiki, pale Yquem wanasema mzabibu mmoja unatoa glasi moja. Glasi moja baba! Mti mzima, mwaka mzima.

Kuonja tulionjea kwenye chumba cha mapipa, mapipa ya mwaloni, waini inachachukia humo na kulala humo mwaka na nusu mpaka miaka mitatu. Chachu inakula sukari mpaka pombe ikifika kama asilimia 13 au 14 inachoka, ile sukari iliyobaki ndo utamu wenyewe, hawa tuliowatembelea hawaongezi hata kijiko. Wakatumiminia tatu, ya juzi juzi rangi ya majani makavu, ya katikati dhahabu, na ya zamani imekuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Kulikuwa na ndoo ya kutemea, wenzangu wakawa wanatema, mimi nikawaza yule mama na kamkasi kake nikameza zote. Ya zamani ilikuwa na ganda la chungwa, tangawizi, kitu kama karameli, na ukishameza inakaa, inakaa, nimefika kwenye treni bado ipo. Wanakula na jibini la Roquefort lenye michirizi ya buluu, nalo ni kuvu, chumvi na sukari vinakutana. Mama yako asingegusa. Mimi nilirudia.

Lakini kilichonifanya niandike si hicho.

Niliuliza, mwaka ukiharibika mnafanyaje? Binti akasema Aprili 2021 baridi ya usiku ilichoma machipukizi, wengi Sauternes hawakupata karibu kitu. Alafu akanyoosha kidole kule kilimani akasema mwaka 2012 Yquem walivuna, wakaonja, wakaona haijafikia, hawakutoa waini kabisa kwa jina lao. Na si mara ya kwanza, 1992 hivyo hivyo, 1974, 1972. Waini yenye bei ile, dunia nzima inasubiri, wanasema mwaka huu hatuna.

Nikakukumbuka wewe mwanangu. Unakumbuka ule mwaka uko darasa la saba, mvua zimewahi, mnunuzi kasema lori linakuja Jumatatu na ada ya dada yako inadaiwa. Ulichuma punje moja ukaonja ukanambia baba hizi bado, zinakwaruza ulimi. Nikakwambia nyamaza beba kreti. Tukapanga zilizoiva juu, mbichi chini, wewe unapanga na mimi. Jumatatu yule bwana akatumbukiza mkono mpaka chini ya kreti, akakamulia tone kwenye kile kipima sukari, akaangalia juani, akakata bei nusu mbele yako. Hukusema neno. Tumerudi nyumbani kwa miguu hukusema neno, na mimi miaka yote hii sijawahi kukwambia kwamba ulikuwa sahihi. Ulikuwa sahihi, na nilichokufanyisha siku ile hakikuwa kitu cha baba kumfanyisha mtoto. Naomba unisamehe.

Pale nilipomwona yule mama ananusa nilijua ni ulimi wako ule ule, ila yeye mwajiri wake anamsikiliza.

Nimekununulia vitu viwili. Kipima sukari, kile cha kuchungulia kama darubini, ili tusisubiri tena mnunuzi atwambie zabibu zetu zina nini. Na chupa ya nusu, mililita 375, ya lile lile shamba, nimeifunga ndani ya sweta kwenye sanduku, tutaiweka kwenye friji ya jirani mpaka ipoe alafu tutaifungua wote, mama yako atanusa tu.

Narudi katikati ya Novemba. Daftari la shamba anza kuandika kuanzia sasa, mvua imenyesha lini, dawa umepiga lini, mstari upi umechipua mwanzo. Na mavuno ya mwezi wa pili, hata kama lori limeshasimama getini linapiga honi, utaingia wewe kwanza utaonja, ile mistari ya karibu na mbuyu anza nayo. Ukisema bado, kreti hazitoki stoo.

Baba yako