Sauti ya kopo si kosa la besi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba taarab imeharibiwa na gitaa la besi. Mimi nimestaafu ufundi wa redio, na tangu 1979 ni mpigaji besi, kwanza la mbao, kisha la umeme. Kwa hivyo barua ile niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika.

Sikatai kwamba kuna kitu kimepotea. Vikundi vyetu vikongwe vya Unguja, Ikhwani Safaa ya 1905 mmojawapo, vilifuata sura ya okestra za Misri: fidla, udi, ganuni, nai, akodiani, na chini ya vyote lile besi kubwa la kusimama. Ukilipiga kwa kidole linatoa sauti nene inayozimika upesi, ikamwachia mwimbaji nafasi. Lakini anayelililia besi hilo hajawahi kulibeba. Haliingii daladala. Ikija masika gundi inaachia, na uzi ukikatika unangoja mtu anayerudi kutoka ng'ambo. Wenzetu wa Tanga, kikundi cha Black Star, walishaingia kwenye magitaa ya umeme miaka ya 1970, nasi tukafuata. Hatukufuata kwa ujinga.

Tatizo ni namna besi la umeme linavyousikia uzi wake. Tangu Mmarekani Leo Fender alipotoa gitaa la besi liitwalo Precision Bass mwaka 1951, kazi hiyo hufanywa na pikapu, na sisemi gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme unazaliwa ndani ya waya. Sauti inayotoka ni safi, ndefu, laini kama samli, na ndiyo hiyo inayomkera msomaji wetu.

Ipo njia nyingine nayo ni pizo. Ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani zikikandamizwa hutoa umeme. Siku hizi hutumika kauri, ile ile inayolia ndani ya saa ya kengele. Ukiiweka kwenye daraja la gitaa, pale nyuzi zinapolalia, inasikia mkandamizo wa uzi, mtikisiko wa mbao na hata ukucha wako. Haihitaji uzi wa chuma. Kuna besi dogo liitwalo Ashbory, la miaka ya 1980, nyuzi zake ni za mpira mtupu, na linalia kwa pizo tu.

Basi mwaka juzi nikajaribu. Nilichukua kisahani cha pizo cha milimita 27 kutoka kwenye king'ora kibovu, nikakibandika chini ya bamba la daraja, waya nikaupeleka moja kwa moja kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti. Ilikuwa harusi, tena ya watu wangu. Mdundo wa kwanza tu mpiga dumbaki akanigeukia kama niliyemtukana. Lilitoka kopo. Kopo la maziwa ya unga, limefungwa kamba. Na kila mkono wangu ulipogusa bamba, spika zilipiga kishindo. Shangazi wa bwana harusi akaja kuniuliza kama besi linaumwa.

Nyumbani nikakaa na kalamu, na hapa naomba wasomaji wasiokuwa mafundi wanivumilie. Kisahani kile, kwa macho ya umeme, ni kapasita, yaani kihifadhi chaji, na ukubwa wake ni nanofaradi 20 hivi. Mlango wa mikisa unaopokea vyombo kama kinanda una ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa kiloohmu 10 hivi. Ukiviunganisha hivyo viwili, sauti zote zilizo chini ya mitetemo 800 kwa sekunde zinaanza kuporomoka. Sasa hesabu nyuzi za besi zikiwa wazi: ule mnene ni mitetemo 41, unaofuata 55, kisha 73, na ule mwembamba kabisa ni 98. Wote wanne wamo shimoni! Ule mnene ulikuwa ukiingia kwenye mikisa sehemu moja tu katika ishirini ya volti zake. Kilichobaki ni ukucha na mkwaruzo, na ndicho alichokisikia shangazi.

Dawa yake si kisahani kikubwa zaidi wala kuongeza besi kwenye mikisa. Dawa ni kijibodi kidogo cha kupokelea, yaani kibao cha saketi, chenye transista ya aina ya FET, isiyonyonya umeme mwingi wa pizo, na ukinzani wa megaohmu 10 (kiloohmu elfu kumi) mlangoni, betri ya volti 9, na kikae ndani ya gitaa lenyewe, karibu na pizo. Waya mrefu kabla ya kijibodi ni antena, hunasa mvumo wa umeme wa nyumba nzima.

Mpwa wangu aliyeko Maskati akaniletea vikalio vya nyuzi, vile vipande vinne vinavyokaa juu ya daraja, kila kimoja kikiwa na pizo yake ndani. Ni bora kuliko kisahani kwa sababu uzi unakandamiza pizo yenyewe, na mkono ukigusa mbao kishindo ni kidogo. Nilivipima: vyote vinne pamoja havikufika nanofaradi 2. Hata amplifaya ya gitaa yenye mlango wa megaohmu 1 ingewapunja nyuzi wanene, angalau watatu, lakini kwa megaohmu 10 mpaka wa kuporomoka unashuka hadi mitetemo 8 hivi, na besi zima linapita.

Kosa langu lilikuwa kumpa kazi fundi, ambaye simtaji. Alitakiwa atoboe njia ya waya kutoka chini ya daraja hadi kwenye tundu la vitufe, ule uwazi ndani ya gitaa vinapokaa vitufe vya sauti, kwa mshazari. Alisimamisha keekee kama anayetoboa ukuta wa kutundikia pazia, na ncha ikatokea upande wa pili, pale besi linapolalia tumbo langu. Kisha alipoling'oa daraja akaukata waya mmoja mtupu uliokuwa chini yake, akidhani ni takataka. Waya ule ndio unaozifungamanisha nyuzi na ardhi ya umeme. Bila huo, besi linavuma mpaka ushike chuma cha jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Akanitoza fedha kamili.

Besi la pili nilitoboa mwenyewe, kwa ncha ndefu ya milimita 3, gitaa limebanwa mezani, nikianzia tundu la vitufe na kulenga chini ya daraja, ili nikikosea nikosee mahali patakapofunikwa na bamba. Nyaya nilizilehemu kwa haraka, maana kauri ikichemka sana inapoteza uwezo wake na hairudi. Tundu la vitufe nililivika bati la shaba jembamba kuzuia mvumo. Jeki nikaweka ile ya stirio, ili betri iwake pale tu waya unapochomekwa. Mke wangu alishaniambia nichomoe waya kabla ya kulala. Sikumsikiliza, na asubuhi betri ilikuwa maiti.

Jambo moja lilinisumbua wiki nzima. Pizo peke yake safi, sumaku peke yake safi, nikizifungua pamoja sauti inakonda. Moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta. Nikageuza nyaya mbili za pikapu ya sumaku, zikapatana. Nasisitiza pia pizo ipite kwenye kijibodi chake kabla ya kuchanganywa na sumaku. Ukiziunganisha kwenye kitufe kimoja cha sauti cha kiloohmu 250, umerudi kwenye kopo.

Halafu nikavisha nyuzi bapa zisizo na mikwaruzo, nikasokomeza chini yake, karibu na daraja, kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, ili sauti isivutike mno. Nafungua pizo zaidi kuliko sumaku, na zile sauti za juu kabisa nazipunguza, la sivyo pete yangu inasikika hadi mstari wa nyuma.

Je, limekuwa besi la mbao? Halijawa. Sina tumbo la mbao la kuvumisha, wala siwezi kulipigia upinde. Lakini mwezi uliopita mzee mmoja wa ganuni, ambaye hasemi neno jema kuhusu umeme, alifumba macho wakati wa utangulizi, na alipofumbua akanitazama mimi, si spika. Nikaridhika.

Kwa hivyo namwomba msomaji yule apunguze hukumu. Anachokichukia huenda ni mlango mbaya wa mikisa. Na ombi langu kwa wenye kukodisha mitambo ya harusi: mnabeba spika za kutetemesha madirisha, lakini kile kiboksi cha kuunganishia chombo na mikisa, chenye ukinzani mkubwa mlangoni, mara nyingi hamnacho. Wapiga udi nao wanabandika pizo na wanapata kopo lile lile, kisha wanaambiwa udi wao mbovu. Viboksi viwili vinatosha, kimoja cha udi na kimoja cha besi.

Vijana wanaotaka kuweka pizo nawasihi wanunue kijibodi kwanza, vikalio baadaye. Na wapime umbali kati ya uzi na uzi kabla ya kuagiza, pamoja na unene wa skurubu za daraja, kwa kuwa magitaa ya Kimarekani mara nyingi hufuata inchi na ya Kijapani milimita. Mimi niliagiza seti ya kwanza kwa kukadiria macho, ikakataa kuingia, na mpwa wangu akarudi nayo Maskati.

Lile besi lililotobolewa bado ninalo. Nimepitisha kamba kwenye tundu la fundi, nimelitundika ukutani juu ya redio.

Mpiga besi, fundi redio mstaafu,
Mikunguni, Unguja